Barua kwa Mwalimu wa Uraia: mkonge, turufu na ugali wa yanga

Barua za mwezi huu zimefurika kuliko kawaida, na sababu naijua: mitihani ya nusu muhula imekaribia. Wale mlioniomba niwaandikie insha ya "Eleza faida na hasara za demokrasia" msisubiri. Insha hiyo nimeisahihisha miaka 31, sitaanza kuiandika katika kustaafu. Wengine karibuni ubaoni.

* * *

*Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha tano, HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), hapa Tabora. Itikadi za kisiasa zinanichanganya. Nimekariri ujamaa, ubepari, ukomunisti, ufashisti na uliberali, kila moja na sifa zake sita, lakini swali likigeuzwa kidogo tu nakwama. Juzi mwalimu aliuliza kama Tanzania ni nchi ya kijamaa au ya kibepari, darasa likagawanyika mpaka kengele ikalia. Jibu sahihi ni lipi?*

Marahaba, mwanangu. Sifa sita si haba. Mimi nilikariri nane na nikakwama palepale ulipokwama wewe.

Anza na maneno yenyewe, maana Kiswahili kimeshakufanyia nusu ya kazi. Bepari ni mfanyabiashara. Neno lilivuka bahari na wachuuzi wa Kigujarati, likageuka tusi baadaye sana. Kabaila ni bwana aliyezaliwa nao ubwana wake. Jamaa unawajua, ndio wale wanaokuja kusalimia na begi moja wakakaa miezi mitatu. Na beberu ni mbuzi dume. Aliyeupa ubeberu jina hilo bila shaka aliwahi kukaa karibu na zizi, akamwona mmoja anavyowapiga wenzake pembe kana kwamba majani yote ni yake. Ukomunisti na ufashisti vimekuja na nguo zao za Ulaya, ndiyo maana vinateleza kichwani.

Ukishamaliza maneno, ziweke pembeni hizo orodha. Chukua kitu kimoja kinachoshikika, ukiulize mali ni ya nani, nani anaamua, na asiye na kitu anabaki na nini. Mimi nimekulia kwenye shamba la mkonge nje ya mji wa Tanga, kwa hiyo nitachukua mkonge. Wewe utachukua tumbaku, iko hapo hapo kwenu.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo michache mashamba yakaenea Tanga nzima: ardhi imechukuliwa na mgeni, faida inakwenda kwao, na mwenyeji anabaki na panga. Huyo ndiye mbuzi wetu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliyashika mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui, wakayauza. Wakanunua Wagiriki, Waasia na Waingereza wenyewe. Vibarua wakaletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali, kila mmoja na namba yake, ndio walioitwa manamba. Baba yangu alikuwa manamba. Kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, alikitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga mpaka alipofariki. Siku aliyoumwa homa haikuwekwa alama, na isiyo na alama haikulipwa. Mwenye mtaji anaamua, soko linapanga bei, na mfanyakazi anauza nguvu zake siku kwa siku. Hapo umeuona ubepari bila kukariri sifa hata moja.

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa na kujitegemea, na Serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Sasa ni mali ya umma. Nikiwa mdogo nilimuuliza baba kama amefurahi kuwa mwenye shamba. "Ameondoka Mgiriki, amekuja meneja wa shirika," akanijibu, "mwiba wa mkonge uko palepale." Alikuwa na kadi ya TANU, chama tawala cha wakati huo, na hakuwa mpinzani wa mtu, ila aliligusa jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka: mali inaweza kuwa ya umma na uamuzi usiwe wa umma. Wakomunisti, wasoshalisti wa Ulaya na wajamaa wetu waligombana hasa hapo. Kwenye miaka ya 90 mashamba yakarudi tena kwa watu binafsi.

Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 90 hazikufika 40,000. Muumini wa soko huria atakuambia mashirika ya umma ndiyo yaliyoua mkonge. Mjamaa atakujibu kwamba kamba za plastiki ziliangusha bei ya dunia kabla Azimio halijaandikwa. Wote wawili wana ushahidi mkononi. Andika aya mbili, moja kwa mdomo wa huyu na nyingine kwa mdomo wa yule, kila mmoja akiridhika kwamba hukumsingizia. Ukiliweza hilo, mwalimu wako aligeuze swali atakavyo.

Sasa ule ubishi wenu. Fungua Katiba ya 1977, Ibara ya 3. Utakuta Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini, yenye kufuata mfumo wa vyama vingi. Ya kijamaa, imeandikwa mpaka leo. Halafu kumbuka kwamba miiko ya uongozi ya Azimio, iliyomkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba ya kupangisha, ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na kwamba Dar es Salaam kuna soko la hisa tangu 1998. Kabla hujakimbilia kwa mabepari, tazama chini ya miguu yako: ardhi yote bado ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Mwenye ghorofa Kariakoo ana hati ya miaka 33, 66 au 99, ile ardhi yenyewe si yake. Kwa hiyo darasa lenu halikuwa na upande uliokosea. Kila upande ulikuwa na ukurasa wake.

Mimi swali hilo lilinishinda. Mwaka 1996 kijana mmoja wa kidato cha nne aliandika kwamba Tanzania ni nchi ya kibepari, nikampa sifuri kwa wino mwekundu. Alinifuata ofisini, hakuwa na jeuri yoyote. Akasema baba yake amepunguzwa kazi kiwandani, kiwanda kimeuzwa. "Mwalimu, kama kilikuwa cha umma, mbona sisi nyumbani hatukuulizwa?" Nilimwambia arudi darasani, kipindi kimeanza. Alama zake sikumrudishia, na nusu ya ninayokuandikia leo nilijifunza kwa swali lake.

* * *

*Mimi si mwanafunzi, ni dereva wa bodaboda Dodoma. Redioni nasikia chama cha mrengo wa kushoto kimeshinda huko Ulaya. Kushoto kwa nani?*

Kushoto kwa mwenyekiti wa kikao, ndugu yangu. Mwaka 1789 Wafaransa walikuwa Versailles wakibishana mfalme abakiziwe mamlaka kiasi gani, hasa kama aweze kuzuia sheria. Waliomtetea walikaa mkono wa kulia, waliotaka kumpunguza wakakaa wa kushoto. Tangu hapo anayetaka mali na madaraka vigawanywe zaidi huitwa wa kushoto, na anayetetea mila, mamlaka au soko huitwa wa kulia. Kwetu kipimo hiki kinapinda, maana vyama vyetu vingi haviachani kwa habari ya nani amiliki nini, na mkono wa kulia kila mtu anautumia kwa kazi ileile iliyoupa jina.

* * *

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma Historia na Serikali, kidato cha tatu, Likoni. Likizo nilibishana na binamu yangu wa Tanga. Yeye asema Kenya na Tanzania zote zina mfumo wa urais, ni mamoja. Mimi nasema si mamoja. Tena hakuamini nilipomwambia korti yetu iliwahi kufuta uchaguzi wa rais.*

Marahaba, mwanangu. Nyote wawili marais wenu huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, na kila mmoja ni mkuu wa nchi na mkuu wa serikali kwa pamoja. Hapo binamu yako ana haki yake. Uingereza vyeo hivyo viwili wamegawana mfalme na waziri mkuu. Afrika Kusini rais huchaguliwa na wabunge, na akishachaguliwa anaacha kiti chake cha ubunge.

Mkitaka kuona mlipoachana, ulizeni mawaziri wametoka wapi. Tanzania waziri sharti awe mbunge. Leo yumo wizarani, kesho yumo Bungeni anajibu maswali ya wenzake, na kuna Waziri Mkuu anayeteuliwa na Rais kisha kuthibitishwa na Bunge. Hiyo ni damu ya Westminster, yaani Bunge la Uingereza, ndani ya mwili wa urais. Rais wetu pia anaweza kuteua wabunge wasiozidi 10, na wengine huwa mawaziri kwa mlango huo. Kenya, tangu Katiba ya 2010, waziri hawezi kuwa mbunge. Anatoka nje, anahojiwa na Bunge la Taifa, ndipo aapishwe. Yenu inakaribia ya Marekani, yetu ni pilau la nyumba mbili.

Ushindi nao hesabu zake ni tofauti. Kwenu mgombea anatakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Kwetu ilikuwa zaidi ya nusu katika uchaguzi wa 1995, ikabadilishwa mwaka 2000, na sasa anayewazidi wenzake ndiye mshindi.

Kuhusu korti, mwonyeshe binamu tarehe: Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa urais wa Agosti, ukarudiwa Oktoba. Mwaka 2022 shauri lilifika mahakama hiyohiyo, ikauacha ushindi ulivyotangazwa. Katiba yenu inampa mlalamikaji siku 7 za kufungua shauri na majaji siku 14 za kuamua. Usimcheke binamu yako kwa kutoamini. Amekulia chini ya Ibara ya 41 ya Katiba yetu, isemayo kwamba Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Kila mtoto hudhani katiba ya kwao ndiyo maumbile ya dunia. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipopanda basi la Mombasa nikiwa na miaka 27.

* * *

*Mwalimu, mwanangu amefaulu vizuri na anataka kusoma sayansi ya siasa chuo kikuu. Mimi naona siasa ni mchezo mchafu. Nimzuieje? Mzazi, Morogoro.*

Mzazi mwenzangu, anayesoma udaktari wa mifupa si lazima avunjike mguu. Mwulize tu akimaliza anataka kufanya kazi gani: halmashauri, uandishi wa habari, ubalozi, ualimu. Kama jibu ni "nitajua hukohuko", basi kaeni chini mzungumze. Mazungumzo hayo ungeyafanya hata angetaka uhandisi.

* * *

*Nimezaliwa Michenzani, Unguja, sasa nasoma Ujerumani. Mwenzangu darasani alishangaa kusikia maghorofa ya kwetu yana mkono wa Wajerumani Mashariki. Mwalimu wetu ananitaka nieleze "kutofungamana na upande wowote" kwa mfano. Nianzie wapi?*

Anzia mlangoni kwenu, enzi dunia imegawanyika kambi mbili, Magharibi na Mashariki. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipokwisha, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mapema kabisa, na msaada ukaja: wataalamu, ramani, nyumba za wananchi. Miezi mitatu baadaye, Aprili 26, Zanzibar na Tanganyika zikaungana. Dar es Salaam ikajikuta ina rafiki wa Zanzibar upande mmoja na Ujerumani Magharibi upande wa pili, na hao wa Magharibi walikuwa na sharti: ukimtambua Mashariki, urafiki wetu na wewe umekwisha. Mwalimu Nyerere akajaribu kupita katikati, akaruhusu konseli kuu ya Mashariki badala ya ubalozi. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ikauondoa msaada wake wa kijeshi. Jibu la Nyerere lilikuwa kwamba basi waondoe na uliobaki wote.

Mwaka huohuo, Desemba, Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa habari ya walowezi wa Kizungu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) waliojitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea njiani. Reli ya Tazara, ile ya Dar es Salaam hadi Zambia, wakubwa wa Magharibi walipoona haina faida, ikajengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860, kwa mkopo usio na riba. Kutofungamana hakukuwa kukaa kimya katikati ya ukumbi. Ilikuwa kuchagua kila jambo peke yake na kulilipia.

Na bei yake niliionja. Mwanzoni mwa miaka ya 80 nilikuwa bweni. Asubuhi kipindi cha Siasa tunaimba kwa pamoja: ili tuendelee tunahitaji vitu vinne, watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mchana tunapanga foleni na sahani zetu kupokea ugali wa yanga, ule wa unga wa njano wa msaada kutoka Marekani, unaonata kwenye kaakaa na kunuka gunia. Gunia lenyewe lilikuwa na picha ya mikono miwili inayosalimiana. Tulilikata tukalifanya zulia la bweni. Jioni tunarudi kuandika insha ya kujitegemea, na tulipata alama nzuri.

* * *

*Mwalimu mwenzangu, habari za kustaafu? Nafundisha Kigoma. Mada ya Umoja wa Mataifa huangukia kipindi cha baada ya chakula cha mchana, nusu ya darasa inalala. Nikifika kwenye kura ya turufu ya Baraza la Usalama nimebaki na wanafunzi wanne. Nisaidie.*

Nzuri, mwenzangu, magoti tu. Tafuta pakiti ya karata. Wazungu wana neno la Kilatini kwa jambo hili, veto, sisi tuna turufu, na watoto wako wameijua tangu barazani kwa babu zao: karata moja inakula zote hata ziwe kubwa namna gani.

Weka viti 15 mbele. Hao ndio Baraza. Watano wape karata nyekundu: Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China. Kumi waliobaki hukaa miaka miwili wakaondoka, na Tanzania imewahi kukaa humo 1975–76 na 2005–06. Leta hoja inayowauma. Mimi nilileta ya kuondoa maharage siku ya Jumatano. Zinatakiwa kura 9 ipite. Walinyoosha mkono 14, bweni zima nyuma likashangilia, ndipo kasichana kamoja kadogo kaliyekuwa Ufaransa kakainua karata yake, maharage yakabaki. Hakuna aliyelala tena siku ile. Watakuuliza wenyewe nani alizigawa karata. Waambie washindi wa vita ya 1945, na kwamba ili kuubadili utaratibu huo ni lazima hao hao watano wote waridhie. Waambie pia kwamba tangu 2005 msimamo wa Afrika ni kutaka viti viwili vya kudumu, na turufu zake.

Kisha wape mchezo wa pili, huu ni wetu. Oktoba 25, 1971, Umoja wa Mataifa uliirudishia Serikali ya Beijing kiti cha China kwa kura 76 dhidi ya 35. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele, balozi wetu akiwa kijana wa Kizanzibari, Salim Ahmed Salim, hajafika hata miaka 30, na ujumbe wetu ulicheza ukumbini kwa furaha. Balozi wa Marekani aliyeshindwa siku ile alikuwa George Bush, yule mzee. Sasa songa miaka kumi. Mwaka 1981 Salim anagombea ukatibu mkuu dhidi ya Kurt Waldheim wa Austria, anayetaka kipindi cha tatu. Bush amekuwa makamu wa rais. Kila Salim anapopigiwa kura, Marekani inatoa turufu. Kila Waldheim anapopigiwa, China inatoa yake, na ilifanya hivyo mara 16. Wiki zikapita, Desemba ikaingia, wote wawili wakajiweka kando, kazi akaipata Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Usiwasimulie mwisho. Chagua Salim na Waldheim, toa karata kwa China na Marekani, uwaache. Darasa langu lilipiga kura raundi tisa. China alikuwa msichana wa Pangani asiyecheka ovyo, Marekani mtoto wa mchungaji, wakakodoleana macho mpaka kengele ya saa tisa. Mwishowe mvulana wa kiti cha nyuma, ambaye sikumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono muhula ule, akasema, "Basi nipeni mimi." Wakampa. Nilipokusanya karata zangu nilipata nne nyekundu. Ya tano, ile ya China, haijarudi mpaka leo.